Dini na akili: nani aliye na mizani?

Yako mambo mawili yasemwayo sana siku hizi katika miji yetu ya pwani, kutoka Lamu hadi Vanga, na kila niyasikiapo huona kuwa yanahitaji kujibiwa. La kwanza husemwa na baadhi ya vijana wetu waliosoma. Wao hudai kwamba dini ni ya watu wasiopenda kufikiri, na kwamba kadiri mtu anavyozidi kuelimika ndivyo anavyozidi kuiacha. La pili husemwa barazani na baadhi ya wazee wetu, nalo ni kinyume cha hilo: kwamba asiyemwamini Mwenyezi Mungu hana akili hata chembe, ijapokuwa amevishwa joho la udaktari wa falsafa.

Ukizitazama vizuri kauli hizi mbili utaona kuwa, ijapokuwa zagombana, ni ndugu wa baba mmoja. Zote mbili huichukua imani ya mtu na kuifanya ratili ya kupimia ubongo wake. Mimi nasema ratili hiyo ni ya uwongo, na katika makala haya nitajaribu kueleza kwa nini.

Wala hili si suala la kupitishia wakati tu huku tukisubiri kahawa. Nimewahi kumsikia mwalimu wa shule akimwambia mzazi kwamba mtoto wake angefaulu vyema zaidi lau angepunguziwa saa za chuoni, kwa kuwa kukariri Kurani humdumaza mtoto akili. Nimemsikia pia mwalimu wa chuo cha Kurani akimkemea mtoto aliyeuliza swali gumu juu ya Mola wake, akimwambia kuwa hayo ni maswali ya shetani. Watoto hao hawajuani, lakini wamefundishwa somo moja: kwamba dini na akili haziketi mkeka mmoja, na kwamba lazima mtu achague. Somo hilo likiwaingia watoto wetu, tutawapoteza shuleni au tutawapoteza msikitini, na huenda tukawapoteza kote kuwili.

AKILI NI KITU GANI?

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Neno akili tumelipata kutoka katika Kiarabu, na asili yake inahusiana na kufunga, kama ngamia afungwavyo kamba ya mguu ili asipotee. Wanazuoni waliohesabu wanatueleza jambo la kuvutia: katika Kurani Tukufu jina hilo halimo. Kilichomo ni kitendo chake, yaani kutia akilini, nacho kimetajwa mara 49. Basi akili huko ni kazi ambayo mtu huifanya au huacha kuifanya. Haikutajwa kama mali iliyofungiwa kashani, huyu kapewa nyingi na yule kapewa kidogo.

Hapa ndipo wazee wetu wa barazani wanapopaswa kutua kidogo. Ni kweli kwamba Kitabu kinawalaumu wakanushao kwa kutotia mambo akilini. Lakini kumlaumu mtu kwa kutokitumia kitu ni kukiri kwamba anacho. Sheria yetu yasema wazi kuwa mtu hulazimikiwa na ibada akiwa amebaleghe na ana akili timamu. Mtoto mdogo, aliyelala usingizi na mwenye wazimu hawaandikiwi dhambi. Sasa ikiwa asiyeamini hana akili, hesabu yake itakuwaje? Ingebidi naye asiandikiwe kitu, awe pamoja na wenye wazimu. Hakuna mwanachuoni aliyesema hivyo. Kwa hiyo anayemwita asiyeamini kuwa ni punguani, hata bila ya kujua, anamvua dhima.

Tena zingatieni kwamba sharti ni akili timamu. Hapakutakiwa akili nyingi. Bibi kizee wa Siyu ambaye hajapata kushika kalamu na profesa wa hisabati wa Chuo Kikuu wote wameamrishwa sala tano zile zile, na wala profesa hakupunguziwa rakaa kwa ajili ya ubingwa wake. Iblisi naye hakuangamia kwa upungufu wa akili, kwani alitoa hoja yake ya moto na udongo kama wakili. Karuni alijigamba kwamba utajiri wake ulitokana na ujuzi wake. Kilichowaangusha wote wawili ni kiburi.

Waswahili walilijua hilo zamani, ndiyo maana hawakuyachanganya maneno akili, elimu, maarifa, busara na hekima. Walisema akili ni mali, lakini walisema pia kwamba akili nyingi huondoa maarifa. Methali zote mbili ni za kweli, nazo hukaa pamoja bila ya kupigana.

MIZANI ILIVYOANZA

Wale vijana wetu watasema kwamba hayo ni maneno ya vitabu vya dini, na wao wanataka ushahidi wa kitaalamu. Vyema, tuutazame ushahidi huo bila ya kuuogopa.

Kipimo cha akili kinachojulikana sana ulimwenguni kilianzia Paris mwaka 1905. Serikali ya Ufaransa ilitaka kuwajua watoto waliohitaji msaada wa pekee shuleni, na Alfred Binet pamoja na mwenzake Théodore Simon wakatunga mfululizo wa maswali na mazoezi. Miongoni mwa waliyoyapima ni mtoto kurudia tarakimu alizotajiwa na kukariri sentensi aliyosomewa. Maana yake ni kwamba kuhifadhi, jambo ambalo mwanafunzi wa chuo hulaumiwa kwalo, lilikuwa ni sehemu ya kipimo cha akili tangu siku ya kwanza. Binet mwenyewe aliwapinga vikali waliodai kuwa akili ya mtu ni kiasi kilichokwisha kukatwa, kisichoongezeka. Yeye aliamini kwamba mtoto akifunzwa vizuri akili yake hukua.

Waliomfuata hawakuwa na tahadhari hiyo. Hapa kwetu Kenya, mwaka 1934, daktari mmoja wa Nairobi aitwaye F. W. Vint alichapisha ripoti juu ya ubongo wa maiti za Waafrika aliokuwa ameupima. Akadai kwamba ubongo wa Mwafrika mtu mzima ulikuwa umefikia kiwango cha mtoto wa Kizungu aliye baina ya miaka 7 na 8. Walowezi walifurahi, kwani waliona wamepata sababu ya kutotujengea shule. Leo hakuna mtaalamu wa maana anayeyashika maneno hayo, lakini yafaa tuyakumbuke kila tunapoambiwa kwamba watu wa aina fulani wamepimwa na kuonekana kuwa ni wapungufu.

Ushahidi mwingine wa Kenya ni wa faida zaidi. Huko Embu watoto wa mashambani walipimwa akili mwaka 1984, kisha watoto wengine wa umri kama huo na wa mahali pale pale wakapimwa mwaka 1998. Katika muda wa miaka 14 alama zilikuwa zimepanda sana. Damu yao haikubadilika, na wala sijasikia kwamba watu wa Embu walikuwa wamebadilisha dini. Watafiti waliochapisha matokeo hayo mwaka 2003 walitaja sababu kama vile wazazi waliojua kusoma kuongezeka, jamaa kuwa na watoto wachache, na afya na chakula kuwa bora. Yaani kipimo kile kilikuwa kikipima pia yaliyomo sufuriani na yaliyomo katika rafu ya vitabu.

Kisha kuna habari ya Usenge, karibu na ziwa upande wa Nyanza. Mtaalamu wa Marekani aitwaye Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto wa huko kwa njia mbili. Njia moja ilikuwa ni mitihani ya kawaida ya aina ya shuleni. Ya pili ilikuwa ni kuwauliza juu ya mitishamba ya kutibia maradhi, ujuzi ambao mtoto wa huko anauhitaji kila siku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yaliwashangaza wengi: waliojua zaidi mitishamba walielekea kupata alama za chini katika mitihani ya msamiati. Je, tuseme kwamba kujua dawa kunapunguza akili? Hata kidogo. Kilichoonekana ni kwamba baadhi ya jamaa zilitilia mkazo shule na nyingine zilitilia mkazo ujuzi wa kwao, na kila mtoto akawa hodari katika lile alilofundishwa. Tuiweke habari hii moyoni, kwa sababu tutaihitaji tutakaporudi pwani.

UTAFITI WENYEWE WASEMAJE?

Sasa tufike kwenye swali lenyewe la dini. Mwaka 2013 Miron Zuckerman wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, pamoja na wenzake wawili, walikusanya tafiti 63 zilizokuwa zimelinganisha alama za akili na dini ya mtu. Katika hizo, 53 zilionyesha kwamba wenye alama za juu walikuwa na dini kidogo zaidi, na 10 zilionyesha kinyume chake. Katika mwaka 2020 walichapisha kazi nyingine iliyokusanya tafiti 83, na mwelekeo ukawa ni ule ule. Siwezi kuficha matokeo hayo, na sioni sababu ya kuyaficha. Muislamu hatakiwi kuukimbia ushahidi.

Lakini lazima tuulize uhusiano huo una uzito gani. Kwa kipimo cha wataalamu wenyewe, ambacho huanzia sufuri na kuishia moja, uhusiano ule wa mwaka 2013 ulikuwa kama 0.24. Nitaieleza hesabu hii kwa lugha ya sokoni. Wachukue watu 100 walio katika nusu ya juu ya alama za akili. Ikiwa dini na akili hazihusiani kabisa, 50 kati yao watakuwa na dini kuliko mtu wa kawaida na 50 watakuwa na dini pungufu. Kwa uhusiano wa 0.24, kwa kukadiria, kama 42 watakuwa na dini zaidi na 58 watakuwa na dini pungufu. Hiyo ndiyo tofauti yenyewe. Ipo, lakini ukikutana na mtu njiani, ukajua kwamba anasali, bado hujajua lolote la maana juu ya akili yake. Mwenye kuitumia hesabu hiyo kumdharau jirani yake hakuielewa hesabu.

Lazima tuulize pia ni nani waliopimwa. Wengi mno walikuwa ni Wamarekani, na wengi wao Wakristo, na mara nyingi walikuwa ni wanafunzi wa vyuo. Zuckerman na wenzake walisema wenyewe kwamba matokeo yao ni ya nchi za Magharibi, na kwamba hayafai kuchukuliwa kuwa ni ya ulimwengu mzima. Mojawapo ya sababu walizozitoa ni kwamba mtu mwenye alama za juu huwa hapendi kufuata mkumbo. Basi tufikiri kidogo. Katika mji ambao kila mtu huenda kanisani, asiyefuata mkumbo ataacha kanisa. Lakini katika mji ambao hakuna asaliye, asiyefuata mkumbo huenda akawa ndiye asaliye! Mwaka 2016 Elaine Howard Ecklund na wenzake walitoa matokeo ya kuwauliza wanasayansi wa nchi na maeneo manane juu ya dini zao. Uingereza na Marekani wanasayansi walikuwa na dini kidogo kuliko raia wenzao, lakini Hong Kong na Taiwan haikuwa hivyo. Sayansi ni ile ile na akili ni zile zile. Kilichogeuka ni jamii.

Na kuna kisa kingine cha kutupa tahadhari. Mwaka 2012 wataalamu wawili wa Kanada, Will Gervais na Ara Norenzayan, walichapisha utafiti katika jarida mashuhuri la Science. Katika mojawapo ya majaribio yao waliwaonyesha wanafunzi picha ya sanamu ya Auguste Rodin, ile ya mtu aliyeinama huku kidevu kimeegemea mkono akifikiri. Wakasema kwamba walioitazama picha hiyo walipungukiwa na imani kuliko walioonyeshwa picha nyingine. Habari ikatangaa: fikiri kidogo tu, na imani yako itashuka! Mwaka 2017 watafiti wengine walilirudia jaribio hilo kwa watu zaidi ya 900, na athari ile haikuonekana. Gervais, na hilo ni la kumsifu, aliukubali udhaifu wa kazi yake hadharani. Mwaka 2018 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa nchi 13, na wakaona kwamba uhusiano wa kufikiri na kutoamini ni dhaifu, na hubadilika nchi hadi nchi.

Ndiyo maana nawaambia vijana wetu: mkileta hoja ya sayansi, ileteni mpaka mwisho wake.

WATU WAWILI, MLANGO MMOJA

Mifano ya watu nayo yafundisha. Mwaka 1914 kijana wa Kihindi aitwaye Srinivasa Ramanujan aliwasili Cambridge, Uingereza, kwa mwaliko wa mwanahisabati G. H. Hardy. Ramanujan alikuwa ni Mhindu mwenye kushika dini yake barabara, na alikuwa akisema kwamba mungu wa kike wa ukoo wao ndiye aliyemletea kanuni za hesabu ndotoni. Hardy alikuwa hamwamini Mungu wa aina yoyote. Watu hao walifanya kazi pamoja kwa miaka mitano katika hesabu ambazo wachache walizielewa, na Hardy mwenyewe alimweka Ramanujan juu yake kwa kipaji. Mwenye kutaka kupima akili kwa imani aniambie atauweka upande gani wa mizani mlango ule wa Chuo cha Trinity.

Historia ya Waislamu nayo imejaa ushahidi wa namna hiyo. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu cha aljebra huko Baghdad katika karne ya 9, sehemu kubwa ya kitabu hicho aliiwekea masuala ya kugawa mirathi. Dini ilimpa swali, na akili ikatafuta jawabu, na leo watoto wa dunia nzima wanaisoma elimu hiyo. Lakini wakati huo huo tulikuwa na Abu Bakr al-Razi, tabibu mkubwa ambaye vitabu vyake vya uganga vilisomwa Ulaya kwa mamia ya miaka, na ambaye amenasibishwa na maneno ya kuupinga utume. Tulikuwa pia na Abul-Alaa al-Maarri wa Sham, aliyefariki mwaka 1057, mshairi kipofu aliyezitilia dini shaka katika mashairi yake. Wanazuoni waliwajibu watu hao kwa hoja. Kuwaita wapumbavu hakufai, maana kazi zao zaonyesha kwamba sivyo.

TURUDI PWANI

Nimesema kwamba tutaihitaji habari ya Usenge, na hapa ndipo pahali pake. Wako wanaotazama matokeo ya mitihani ya shule za pwani na kusema kimoyomoyo, na wengine kwa sauti, kwamba Uislamu ndio uliowafunga watu wa pwani akili. Anayesema hivyo haijui historia.

Mmishenari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kituo cha Rabai kikafuata. Freretown ilianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Kwa miaka mingi sana masomo ya Kiingereza na hesabu za kisasa yalikuwa mikononi mwa misheni, na kwenda shule kulikuwa na maana ya kusomeshwa Biblia. Wazazi Waislamu wakawazuia watoto wao, na mimi siwezi kuwalaumu kwa kuwahofia. Shule ya serikali ya Waarabu mjini Mombasa ilifunguliwa mwaka 1912, yaani karibu miaka 70 baada ya kufika Krapf. Mbio zikianza hivyo, aliyechelewa kuruhusiwa kukimbia hawi kiwete kwa kuwa yuko nyuma.

Na kabla ya hapo watu hawa walikuwa wakisoma na kuandika. Muyaka bin Haji alikuwa akitunga mashairi Mombasa mwanzoni mwa karne ya 19, na Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi wake mwaka 1858, na tungo za namna hiyo zilihifadhiwa kwa herufi za Kiarabu. Zilipokuja herufi za Kirumi kuwa ndizo za ofisini, aliyekuwa msomi jana akaamka asubuhi akiwa hajui kusoma. Akili yake haikuondoka usiku. Iliyobadilishwa ni mizani.

Taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani ilitoa hesabu zake mwaka 2016. Katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara, katika kila Waislamu 100 watu wazima, 65 hawakupata shule rasmi, ilhali kwa Wakristo ni 30. Haya ni mambo ya kuhuzunisha. Lakini katika ripoti hiyo hiyo, huko Marekani, zaidi ya nusu ya Waislamu walikuwa wamepata masomo ya juu, na Wakristo wa huko walikuwa kama thuluthi moja na kidogo. Kurani inayosomwa Detroit ndiyo inayosomwa Kwale. Basi ikiwa Waislamu wa huku wako nyuma na wa kule wako mbele, dini yawezaje kuwa ndiyo sababu? Tutafute sababu katika shule zilizojengwa na ambazo hazikujengwa, katika karo, na katika sera za nani apewe nini.

Mwenye kutaka mfano wa mtu mmoja namkumbusha marehemu Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947, na katika gazeti lake la Al-Islah, lililotoka mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu wasiiache elimu, ya dini na ya dunia. Mwanawe aliufanya mtihani wa Cambridge mwaka 1949 na akapata daraja ya tatu. Makerere haikumchukua. Kwa mizani ya mtihani, kijana huyo alikuwa amekwisha kupimwa na kukutwa mwepesi. Akawa karani katika taasisi ya elimu ya Waislamu pale Mombasa, ile ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi. Siku moja alihutubia katika sherehe ya Maulidi ya Mtume (s.a.w.), na Gavana Philip Mitchell alikuwapo akasikia. Kutoka hapo mlango wa masomo ya Uingereza ukaanza kufunguka. Alisoma Huddersfield, Manchester, Columbia na Oxford, na mwaka 1965 Makerere ile ile ikampa uprofesa, naye ana miaka 32.

Hapana aliyemwongezea Mazrui ubongo baina ya mwaka 1949 na mwaka 1965. Wala kisa chake si hoja kwamba dini humpa mtu akili. Kinachoonyesha ni kwamba mtihani haukuiona akili ile, na mkutano wa dini, siku ile, uliipa pa kusimama.

TUFANYE NINI?

Kwa maoni yangu, wa kwanza kuusiwa ni sisi wenyewe tunaosomesha na kulea. Mtoto akiuliza swali chuoni, ajibiwe. Mwalimu akiwa hana jawabu, na aseme Allahu aalamu, kisha amtafutie mwenye kujua. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, na ambaye vitabu vyake vinadarisishwa katika misikiti yetu mpaka hii leo, aliandika waziwazi kwamba alipitiwa na shaka kubwa kwa karibu miezi miwili hata akawa haamini yale ayaonayo kwa macho yake. Ikiwa aliyeitwa Hoja ya Uislamu aliuliza maswali na akayaandika, mtoto wa miaka 10 wa Majengo au Kisauni akiuliza tusimwambie kwamba ameingiliwa na shetani. Fimbo hainyamazishi swali. Huliondoa chuoni tu, likaenda kujibiwa kwingine na watu wasiokuwa na haya.

Walimu wa shule nao waache kumhesabia mtoto saa zake za chuoni kana kwamba ni ugonjwa. Mtoto anayeweza kuhifadhi sura moja baada ya moja ana ustahimilivu na ana kumbukumbu. Ni kazi ya mwalimu kuvitumia vipawa hivyo katika hesabu na sayansi. Na wazazi tukubali kwamba kuhifadhi peke yake hakutoshi, na kwamba mtoto aliyehifadhi bila ya kufunzwa maana amepewa ufunguo bila ya kuonyeshwa mlango.

Vijana wetu walioingia Vyuo Vikuu na ambao wameanza kuona dini kuwa ni nguo ya utotoni, nawaomba neno moja. Mtu aweza kuwa na sababu zake za kuamini au kutoamini, na sababu hizo zijadiliwe. Lakini msiseme kwamba mmeacha kwa kuwa mna akili kuliko mama zenu. Mama aliyeamka kabla ya alfajiri akakanda mahamri ya kuuza ili mlipiwe karo alipiga hesabu ngumu kuliko nyingi mtakazopewa darasani, tena aliipiga baada ya kusali.

Na wazee wetu wa barazani, mjukuu akija na maneno ya kutilia shaka, msimwambie kuwa hana akili. Anazo, na ndizo zinazomsumbua. Msogezeeni kiti, mpeni kahawa, mumsikilize mpaka amalize ndipo mumjibu.